Maswali ya Wasomaji: Rada Inavyosoma Upepo wa Baharini

Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la upepo wa pwani huandika "zaidi ya noti 25", yaani kilomita 46 hivi kwa saa. Katikati ya Bahari ya Hindi hakuna mtu wala kituo. Namba hiyo hutoka wapi? (Msomaji, Umoja)

Hutoka kwenye utabiri wa kompyuta, na kompyuta hizo hulishwa vipimo vya setilaiti, vikiwemo vya rada. Ila rada yenyewe haipimi upepo. Hupima jinsi uso wa maji ulivyokwaruzika, kisha upepo hukisiwa kutokana na hapo. Mengi yanayoiponza rada hii yanaanzia papo hapo.

Upepo ukipita juu ya maji huinua viwimbi vya sentimita chache, vile vinavyoyaondolea maji mng'ao. Rada ya ASCAT, iliyofungwa kwenye setilaiti za Ulaya ziitwazo MetOp, hupiga mawimbi ya redio ya sentimita 5.7 kwa mshazari kutoka kimo cha kilomita 800 hivi. Bahari ikiwa shwari, mawimbi hayo huteleza yakaenda zake upande wa pili. Ikichafuka, sehemu yake hurudi. Yakipiga maji kwa pembe ya digrii 40, viwimbi vinavyojibu hasa ni vya takriban sentimita 4.4. Hivyo huzaliwa na kufa haraka upepo unapobadilika, ndiyo sababu vinafaa kuliko mawimbi makubwa, ambayo pengine yamesafiri siku kadhaa kutoka dhoruba ya mbali.

Mwelekeo ndio kazi ngumu. Mwangwi huwa mkubwa rada inapotazama sambamba na upepo, na mdogo inapoutazama kwa kukingama. Kwa hiyo ASCAT ina antena tatu kila upande: moja hutazama mbele kwa digrii 45, ya pili ubavuni kwa 90, ya tatu nyuma kwa 135. Eneo lile lile la bahari huonwa mara tatu ndani ya dakika chache. Nguvu hizo tatu za mwangwi hulinganishwa na jedwali lililotengenezwa kwa vipimo vya maboya na modeli za hali ya hewa. Linalotoka ni kasi ya upepo mita 10 juu ya maji, pamoja na mielekeo miwili au zaidi, mara nyingi iliyopingana kabisa. Utabiri wa kompyuta ndio huamua upi ubaki. Utabiri ukikosea mahali ulipo moyo wa dhoruba, mishale ya upepo kwenye ramani inaweza kugeuka kichwa chini, ingawa kasi kwa kawaida husalimika.

Kakangu anavua samaki Lamu. Mimi humtumia ramani ya rada kwa simu kila asubuhi. Niangalie nini? (Msomaji, Lang'ata)

Anza na saa. Ramani huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa hiyo ongeza saa tatu: 0700 ni saa nne asubuhi. MetOp hupita kwetu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Upepo wa alasiri unaovuma kutoka baharini kuingia nchi kavu haumo kabisa. Noti 10 za asubuhi hazikuahidi kitu kuhusu saa tisa.

Halafu tazama palipo patupu. Rada hufagia ukanda wa kilomita 500 na zaidi kila upande, ikiacha pengo la kilomita 700 hivi chini ya njia yake. Pengo si utulivu, ni mahali ambapo haikutazama. Kwenye mshale, kinyoya kizima ni noti 10, nusu ni 5, na mkia wenye vinyoya ndio upande upepo unakotoka.

La tatu ni la kakako hasa. Mwangwi wa nchi kavu ni mkali kuliko wa maji, kwa hiyo vipimo vilivyo ndani ya kilomita 25 hadi 30 kutoka ufuoni hufutwa au huharibika. Anayevua karibu na mwamba yumo ndani ya kilomita hizo. Ramani itamsaidia akienda mbali, lakini hata hapo inaonyesha yaliyokwisha kutokea. Onyo la Idara ndilo la kufuata.

Ukiona ramani ya rada ya mawimbi mafupi ya sentimita 2 hivi, kama ya setilaiti za HY-2 za Uchina, chunga mvua. Matone hupiga maji na pia hurudisha mwangwi yenyewe, hivyo upepo mdogo huonekana mkali. Vipimo vilivyotiliwa shaka huwekewa alama. Usivitumie. ASCAT husumbuliwa na mvua pia, lakini si sana hivyo.

Nimelinganisha ASCAT na boya msimu wa kusi. Rada iko chini kwa zaidi ya mita 1 kwa sekunde. Nani mwongo? (Mwanafunzi, Chiromo)

Huenda hakuna. Kwanza angalia kimo cha kipima upepo cha boya. Kikiwa mita 4, ongeza asilimia 9 hivi kufikia mita 10. Tofauti itazidi kupanuka, na hilo lisikutishe.

Sasa tazama mkondo. Boya limetiwa nanga, lakini rada husoma upepo dhidi ya maji yanayotembea. Kusi ikivuma mita 10 kwa sekunde kuelekea kaskazini, na mkondo ukienda huko huko kwa mita 1.5, viwimbi vinaihisi kama 8.5. Toa mkondo kwanza kwenye upepo wa boya ndipo ulinganishe. Chagua pia vipimo visivyopishana zaidi ya nusu saa wala kilomita 25. Chini ya mita 3 kwa sekunde, mwelekeo usiuamini sana. Juu ya 25, mwangwi huanza kugoma kuongezeka, hivyo kimbunga huonekana dhaifu kuliko kilivyo.

Je, Ziwa Victoria? (Msomaji, Kasarani)

ASCAT haifai sana huko. Kila kipimo chake ni wastani wa kisanduku cha kilomita 25, nacho humeza dhoruba ndogo ya usiku, na fuo ziko karibu. Rada ya Sentinel-1, setilaiti nyingine ya Ulaya, huweza kutoa upepo wa kila kilomita moja hivi, lakini hutazama mara moja tu, kwa hiyo mwelekeo lazima uazimwe kwingine. Tena hurudia njia yake kila baada ya siku 12. Inafaa kuchunguza dhoruba iliyokwisha kupita, si kumwonya mvuvi wa leo usiku.