Andikeni majina, wadogo zangu

Jumapili dogo mmoja wa hapa studio, Ngamiani, Tanga, kanipigia simu saa tano usiku, anahema. Wimbo wake wa kwanza umetoka, mama yake kaufungua mbele ya majirani, na juu ya wimbo kuna picha ya mzee wa kizungu mwenye ndevu na gitaa. Majina yao ya kisanii yanafanana. Dogo alipokuwa anajaza fomu ya msambazaji, kampuni inayopeleka nyimbo kwenye mitandao ya kusikilizia muziki, alibofya jina la kwanza kuliona. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Nimechoka kusema na mmoja mmoja, naandika mara moja.

1. Jina. Kama hujawahi kutoa kazi, chagua msanii mpya, usimbofye pacha wako wa jina. Ukishakosea, mwandikie msambazaji na usubiri. Na ile ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi, herufi na tarakimu 12, ni ya rekodi yako, si ya msambazaji: ukihama, hama nayo, la sivyo hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza sifuri. Enzi za kanda, kava likikosewa, muuzaji alikusahihishia kwa mdomo: "Aa, huyu si yule, huyu ni wa barabara ya kumi na mbili, mtoto wa fulani." Tangu Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, ifike kwetu mwaka 2021, wimbo wa Tanga unatoka siku moja na wa London, na huko hakuna muuza kanda anayemjua mama yako. Kuna ulichoandika tu.

2. Masta, yaani rekodi ya mwisho iliyokamilika, itoke WAV, faili la sauti isiyobanwa, biti 24, na isipite WhatsApp. Mnanicheka nikilisema hili kila siku. Basi leo nawaambia kwa nini.

Mwaka 2007 nilikuwa na kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu na kuchoma CD. Bibi mmoja wa Makorora akaja na mfuko wa kanda 11, za dakika 90 kila moja. Taarabu ya mazoezini na harusini, miaka ya sabini na themanini. Mumewe alikuwa kiongozi wa kikundi, amefariki. "Mwanangu, nihamishie hizi kwenye sahani, redio yangu inazitafuna."

Nikamwambia rahisi, Bibi. Kanda 11 ni saa 16 na nusu. Ukizigeuza MP3, faili la sauti iliyobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde, haziingii kwenye CD moja ya MB 700. Fundi mwenye akili angechoma CD mbili. Mimi nikashusha hadi 64, zikaingia zote na nafasi ikabaki, nikajiona mjanja. Mnajua MP3 inavyofanya kazi: inatupa sauti inazodhani sikio halitazikosa. Kwa 64 ilitupa hata zile sikio linazozihitaji. Rika, lile tari dogo la taarabu, likawa linalia kama mchele unaooshwa. WAV zilikuwa gigi 10 kwenye diski yangu. Nikazifuta niweke filamu.

Na hilo lilikuwa kosa dogo. Kila wimbo ulianza na mtu anaongea. Anakohoa, anataja siku, jina la wimbo, aliyetunga, anayeimba, nani yuko kwenye fidla, nani kwenye ngoma. Halafu mtu anacheka, halafu muziki. Nikaona ni kelele. Nikazikata zote, moja baada ya nyingine, usiku mzima, kwa uangalifu mkubwa kabisa. Nafasi ilikuwepo! Nilikuwa nasafisha. Mafaili nikayaita Track01, Track02, hadi mwisho.

Bibi hakuzitaka tena zile kanda, alisema zinamjazia vumbi. Wakati huo kanda tupu zimeadimika, na ustadhi mmoja alikuwa anatafuta za kurekodia mawaidha. Mnaokumbuka kanda mtakumbuka vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni: ukivivunja, hairekodiki tena juu yake. Kanda zote 11 vilikuwa vimevunjwa. Yule mzee alivivunja makusudi, mtu kama mimi asije akapita. Nikachukua selotepu nikaziba vitundu, nikaziuza.

Bibi alirudi baada ya wiki. Shikamoo Bibi, marahaba. Nilidhani amekuja kushukuru. Alikaa kwenye benchi, akauliza kwa upole tu, "Mbona hasemi?"

Marehemu hakuwa mwimbaji. Alipiga kodiani. Sauti yake ilikuwa kwenye yale matangazo, na haikuwa popote pengine duniani.

Nilikwenda kwa ustadhi siku ileile. Kanda tisa zilikuwa tayari na mawaidha, mbili ziligawiwa watu. Sikumwambia Bibi habari ya selotepu. Mpaka anafariki sikumwambia.

3. Mgawanyo uandikwe kabla mtu hajatoka studio: aliyetunga, aliyetengeneza mdundo, asilimia, sahihi. Kisha kasajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki. "Sisi ni ndugu" si mkataba, na ndugu ndio wagomvi wakubwa hela ya mlio wa simu ikishaingia.

4. Sekunde 30. Ndiyo, Spotify haihesabu usikilizaji wa chini ya hapo, kwa hiyo mnaanza na kiitikio kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Fanyeni kwa biashara. Lakini angalau wimbo mmoja katika kazi yenu uachieni mlango wake, msikilizaji avue viatu kwanza.

5. Nakala mbili, diski mbili, nyumba mbili. Hewa ya bahari hapa Tanga inakula kila kitu. Na ndani ya folda wekeni faili la maandishi: nani kaimba, nani kapiga, siku gani, wapi. Dakika tatu tu. Kama mvivu, washa maiki uongee mwanzoni mwa rekodi, kisha usikate.

Zile MP3 za 64 ninazo mpaka leo, nimezihamisha kwenye diski ya nne sasa. Track07 ni mwanamke, sauti nzito kidogo, anaimba juu ya kodiani na gitaa la umeme, na ubeti wa pili anasahau neno, anacheka, anaendelea. Nimewauliza wazee wa Chumbageni, nimeuliza Makorora. Kila mmoja ana jina lake. Kama bibi yako aliimba na vikundi vya hapa miaka ile, njoo naye, au njoo na mtu anayeikumbuka sauti yake. Studio iko wazi kuanzia saa nne, spika nitawasha mwenyewe.