Ukibadilisha rejeta, usirudishie maji ya kisima

Rejeta ya Toyota IST yangu ilipasuka kwenye tangi la juu, pale plastiki inapobanwa na aluminiamu. Dalili zilikuwepo mapema: mstari mweupe uliokaukia kwenye maungio, na maji ya akiba yaliyokuwa yakipungua pole pole. Ukiona hayo kwenye gari lako, usingoje taa nyekundu. Gari nyingi ndogo hazina mshale wa joto, na taa hiyo ikiwaka ujue injini imeshachemka. Silinda hedi, yaani kile kifuniko cha juu ya injini, ikipinda, gharama yake huwezi kuilinganisha na ya rejeta.

Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, aliipasua ile ya zamani, tukachungulia ndani. Vijia vya maji vilikuwa vimejaa tope la kahawia, kutu na magadi yaliyoganda pamoja. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na ndiyo yanayomiminwa kwenye magari kila siku.

Pampu inayasukuma maji yazunguke silinda na kubeba joto. Yanaingia kwenye rejeta kwa mpira wa juu, yanapita kwenye vile vijia huku upepo wa mwendo au wa feni ukipuliza mapezi yake, kisha yanarudi kwenye injini yakiwa yamepoa. Kijia kikiziba, joto halina pa kutokea, hata feni ivume kutwa nzima. Ndiyo maana gari linaweza kwenda vizuri mjini, likafika mlima Kitonga likachemsha.

Kwa hiyo nunua kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Ile ya kuchanganya, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini. Inazuia kutu, na mfuniko wa rejeta ukiwa mzima unaoshikilia presha, hata joto likifika nyuzi 120 haichemki. Mfuniko wenye mpira uliochakaa ubadilishe hapo hapo.

Fundi atakwambia atoe thamostati "gari lipoe zaidi". Kataa. Thamostati ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa baridi; hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Bila hiyo injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta.

Kwa gari la otomatiki, kuna mabomba mawili madogo yanayopitisha oili ya gia boksi ndani ya rejeta. Yakifunguliwa oili inamwagika, kwa hiyo pima kiwango chake kabla ya kuondoka gereji.

Kazi ambayo wengi huiharakisha ni kutoa upepo ulionaswa kwenye njia za maji. Jaza kulanti taratibu, acha mfuniko wazi, washa injini ingali baridi na hita ukiifungua mwisho. Mapovu yatatoka na maji yatashuka, ongeza. Endelea mpaka mpira wa chini nao uwe wa moto na feni iwake yenyewe, halafu zima, iache ipoe, ujazie na kufunga. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua uangalie tena. Yakiwa yamepungua sana, anza na klipu za mipira: zipapase kwa kidole, penye unyevu ndipo panapovuja.