Jibu: Uturuki imewahi kupeleka mtelezaji wa barafu Olimpiki, na je, alishinda chochote?

Ndiyo mkuu, na wa kwanza alikuwa mwanamke: Tuğba Karademir, mzaliwa wa Ankara, 1985. Alianza kuteleza akiwa bado mdogo hapohapo Ankara, lakini mwaka 1996 familia ikahamia Kanada, na huko ndiko alikoiva, akifanya mazoezi Barrie, Ontario. Bendera aliyoshindania ilibaki ya Uturuki.

Umeuliza kama "alishinda chochote." Medali ya Olimpiki hakupata. Torino 2006 alimaliza wa 21, Vancouver 2010 wa 24. Usicheke hiyo 24! Wanawake huanza na programu fupi, isiyofika hata dakika tatu, yenye miruko na mizunguko ya lazima. Anguko moja tu hapo laweza kukufungisha virago, maana ni 24 bora tu wanaoruhusiwa kurudi kwa programu ndefu. Yeye alivuka mchujo huo mara zote mbili. Kwa mtu anayetoka nchi isiyo na mizizi kwenye mchezo huu, mimi naona ni kazi kubwa.

Ila ukitaka matokeo yake mazuri zaidi, tazama Ubingwa wa Ulaya 2007 kule Warsaw: wa 10. Olimpiki ndiyo inayompa jina, lakini Warsaw ndiko alikoonyesha uwezo.

Baada yake walikuja Alisa Agafonova na Alper Uçar, wao wakicheza dansi ya barafuni wawiliwawili, Sochi 2014 na Pyeongchang 2018.