Wenzangu wanataka nichore upya mara ya tatu

SWALI: Shikamoo dada. Tuko vijana wanne hapa Bagamoyo, tunatengeneza katuni ya dakika tatu kuhusu mpagazi aliyebeba pembe kutoka Ujiji. Mimi nachora, mmoja anatia rangi, mmoja ni msimulizi, na wa nne anapiga ngoma na kuunganisha kila kitu kwenye kompyuta. Nilimaliza kuchora, msimulizi akabadilisha maneno, midomo ikawa haiendani na sauti. Nimeshachora upya mara mbili na bado wanataka tena. Halafu mpagazi anaingia Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara hapa Bagamoyo, amevaa merikani nyeupe, anatoka na kaniki nyeusi, kwa kuwa nakala zilitiwa rangi kwenye kompyuta mbili. Nimesema naondoka na michoro yangu. Wanasema ni ya kikundi. Haki yangu ni ipi?
*Mchoraji, Dunda*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimekusoma nikakuonea huruma mkono. Asiyechora hajui uzito wa "badilisha kidogo tu". Filamu huenda fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Hata ukichora picha moja kwa kila fremu mbili, dakika tatu zinakula picha 2,160. Waonyeshe wenzako hesabu hiyo kabla ya neno lingine lolote. Siamini kwamba wanakudharau. Naamini hawajawahi kuipiga.

Kilichowagombanisha ni mpangilio. Katuni yenye mazungumzo hurekodiwa sauti kwanza, kisha mchoraji anaifuata: anasikiliza midomo inafungwa wapi kwenye m, b na p, inapanuka wapi kwenye a. Msimulizi asome yote, msikilize wote wanne, mkubaliane, kisha sauti ifungwe. Baada ya hapo anayetaka kubadilisha neno atafute linaloenea kwenye mdomo uleule.

Kwa haya yaliyokwisha kutokea, usichore upya kila kitu. Mpagazi mwenye pembe begani ana sababu nzuri ya kutoonyesha uso. Mpe mgongo. Onyesha nyayo zake njiani, mlango wa serai, jahazi likisubiri maji yajae, na maneno mapya yapite juu ya picha hizo. Chora upya pale tu ambapo uso umejaa kioo.

Mimi kazi yangu ni sauti. Tulipotengeneza masimulizi ya kusikiliza kwa simu huku mtu akitembea kutoka Caravan Serai hadi Boma la Mjerumani, tulikuwa na daftari moja la kaunta. Kila kitu kiliandikiwa mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Wengine walishauri tu. Ngoma ilirekodiwa ufukweni na upepo ukaingia. Mimi nilitaka kuusafisha, mpiga ngoma akakataa, na ngoma ilikuwa yake, basi upepo ukabaki. Ningeupunguza hata leo, lakini kazi ilisonga jioni ileile. Kwenu hakuna mwenye neno la mwisho, ndiyo maana kila mabadiliko yanaishia mkononi mwako.

Merikani na kaniki ni jambo dogo. Faili za asili zikae sehemu moja, mtia rangi abaki mmoja, na kabla hajaanza mumchore mpagazi mara moja kwa nguo zake zote, karatasi hiyo ibandikwe mbele yake. Mweke na nakala kwenye diski ya nje, nyumba nyingine. Faili zikipita WhatsApp, zitumeni kama hati, maana zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa na mistari yako inafifia.

Sasa haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapoundwa, hata kabla ya kusajiliwa. Kama hukuajiriwa kuichora na hukumwandikia mtu kwamba umemkabidhi, michoro ni yako. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, unakusaidia siku ya ushahidi. Ila sheria hiyohiyo inawatambua pia watumbuizaji, kwa hiyo masimulizi na ngoma navyo vina wenyewe. Ukiondoka, wao wanabaki na sauti isiyo na picha, wewe na picha zisizo na sauti. Mzee mmoja tuliyetaka kumrekodi alituuliza kabla hatujawasha kinasa sauti: "Sauti yangu itakaa kwa nani?" Hatukuwa na jibu. Tulikaa barazani kwake, tukaandikiana, ndipo akaanza kusimulia.

Nanyi kaeni. Andikeni nani ana neno la mwisho kwenye nini, faili za asili ziko kwa nani, katuni ikinunuliwa kila mmoja anapata fungu gani, na mmoja akijitoa kazi yake itumikeje. Tieni saini wote, kila mtu aondoke na nakala. Karatasi hiyo isiposainiwa, usichore hata mdomo mmoja.