Usilipie kamera kabla hujakaa na mama wa marehemu

Mkuu, hapana. Nimesoma swali lako mara mbili. Unataka kutengeneza filamu ya saa moja na nusu kuhusu mauaji ya kifamilia yaliyotokea kwenu Kondoa, na unauliza ukodi kamera gani, kibali cha Bodi ya Filamu kinapatikanaje, siku ngapi za kushuti zinatosha na uiuze wapi. Katikati ukapitisha hivi: "Familia siyo tatizo, kesi iliisha, majina nabadilisha, na baba mdogo wa marehemu kashakubali." Mimi nimekwama hapo hapo. Maneno hayo niliyasema mwaka 2021, karibu yote kama yalivyo, na yalinitoa shilingi 11,400,000.

Yangu ilikuwa ya kijiji kimoja wilayani Chamwino, sikitaji. Kaka alimuua mdogo wake kwa ajili ya shamba. Serikali ilipohamia Dodoma, mashamba ambayo watu walilima uwele na karanga miaka yote bila kugombana yakaanza kuulizwa bei na wageni wenye magari, na ndugu wakaanza kupimiana hatua. Hadithi ile ilinikaa kifuani. Nikasoma hukumu nzima. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu zimewekwa kwenye tovuti ya TanzLII, unasoma bure. Humo mlikuwa na kila kitu: marehemu alivaa nini, alipita wapi, alikutwa wapi.

Akaja prodyuza mmoja wa Dar, mtu mwenye jina kidogo kwenye Bongo Movie, nikamlipa 800,000 anishauri. Akasema hukumu ikishatoka, hadithi ni ya kila mtu. Badilisha majina, andika mwanzoni kwamba matukio ni ya kubuni, tafuta msemaji mmoja wa familia mpe posho, basi. Bado nina hasira na mtu huyu. Hakukanyaga kijiji kile hata siku moja, lakini aliongelea msiba wa watu kama anayemwelekeza abiria njia ya stendi.

Msemaji nikampata, mjomba wa marehemu. 300,000, tukapeana mikono, karatasi hakuna. Mama mzazi sikwenda kumwona. Mjane sikwenda kumwona. Niliogopa. Nilijua wakinitazama usoni nitashindwa kuendelea, na woga ule nikaubatiza jina la heshima, kwamba sitaki kuwatonesha kidonda.

Siku ya saba ya kushuti, saa kumi na moja jioni, tulikuwa kwenye sini ya marehemu akienda shambani mara ya mwisho. Mtu wetu wa mavazi alikuwa amezunguka mitumba ya Sabasaba mpaka akapata sweta ya kijani yenye mistari, kama ile iliyoelezwa kwenye hukumu. Mwigizaji alikuwa na kimo kile kile. Akaanza kutembea, kamera ikimfuata kwa nyuma. Mama mmoja akatokea njia ya mashine ya kusaga, ndoo ya unga kichwani. Akasimama, akamwita yule kijana kwa jina la mwanawe. Hakupiga kelele. Alimwita kawaida, kama unavyomwita mtu aliyekupita bila kukuona. Mwigizaji akageuka.

Ndoo ilianguka. Dakika zilizofuata siziandiki hapa.

Usiku ule mwenyekiti wa kijiji alitusimamisha, na alikuwa na haki. Nikatoa kibali cha Bodi, nikamwonyesha muhuri. Akakisoma mpaka mwisho, akaniuliza huyu mama ametajwa mstari gani. Siku nne tukakaa, kamera na taa zikihesabiwa 220,000 kwa siku, watu kumi na wanne wanakula, jenereta la kukodi limelala. Mjomba akakana mbele ya wazee kwamba aliwahi kumsemea mtu yeyote. Mjane akasema mtoto wake wa darasa la tano ameshaanza kuulizwa na wenzake nani anamuigiza baba yake. Sasa majina nilimbadilishia nani? Kijiji kizima kilijua. Jina jipya lilimficha marehemu kwa mtu wa Mwanza, ambaye hata hivyo hakuwahi kumjua.

Filamu haikuisha. Bajaji zangu mbili ziliondoka kwa hasara hiyo. Picha ziko kwenye diski, hazitatoka.

Wiki tatu baadaye nilirudi peke yangu kuomba radhi. Mama yule hakuuliza habari za fedha. Aliuliza, "Mwanangu, na yule mwingine umemwekaje humo?" Yule mwingine, aliyeko gerezani. Aliyeuawa wake, aliyeua wake. Mimi kwenye skripti nilikuwa nimemwandika muuaji kama fisi, hana utoto, hana mama. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa miezi minane na hadithi ile na jambo kubwa kuliko yote ndani yake sikuliona, kwa sababu mtu pekee aliyelijua sikumuuliza.

Wala usidhani ni mambo ya vijijini kwetu. Filamu ya Boys Don't Cry ya Marekani, 1999, iliyompa mwigizaji Hilary Swank Oscar, inatokana na mauaji ya Nebraska ya mwaka 1993. Mwanamke aliyeonyeshwa kama mpenzi wa marehemu aliwashtaki wasambazaji, wakamalizana nje ya mahakama. Na siku ile waliuawa watu watatu. Filamu ina wawili. Yule wa tatu alikuwa na mama yake pia.

Kibali lazima, ndiyo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka uombe kabla ya kushuti na upeleke maelezo ya filamu. Lakini Bodi haiwezi kukubali kwa niaba ya mzazi, wala baba mdogo hawezi. Nenda kwa mama, kwa mjane, kwa watoto waliokua, kila mmoja peke yake. Nenda na upande wa aliyeua. Wasimulie filamu yote, hata ile sini ya kuua, hasa hiyo. Waachie wiki kadhaa za kufikiri na za kukataa. Wakikubali, andikeni mbele ya wakili: kipi hakitaonyeshwa, watapata nini, na kwamba wataiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Asiyejua kusoma asomewe kwa Kirangi, ndipo aweke dole gumba.

Umesema Ijumaa unalipa advansi ya kamera. Usilipe. Ijumaa hiyo panda basi la Kondoa, beba sukari na sabuni, skripti iache nyumbani. Ukirudi, andika hapa huyo mama alikuuliza nini.