Boksi la sabufa la chuma: la kwanza nililitupa

Mkuu uliyeuliza kama sabufa (spika ya besi) ya gari ya inchi 12 inaweza kukaa kwenye boksi la chuma badala ya mbao: inakaa, ninalo. Ila hilo ni la pili.

Gari yangu, Probox, inabeba samaki kutoka mwaloni Kirumba, Mwanza. Boksi la MDF (mbao za unga uliogandamizwa) lilinyonya maji ya barafu likavimba kama andazi, skrubu zikawa zinang'oka kwa vidole. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia anipigie la bati la milimita moja na nusu. Tukawasha muziki, besi ikigonga, boksi nalo linaitikia ng'ooong. Fundi akacheka: "Kaka, hii ni kengele."

Wengi tunadhani chuma ni kigumu, basi yameisha. Si kweli. MDF ya milimita 18 inakataa kupinda kuliko sahani ya chuma ya milimita 3, sababu unene ndio wenye nguvu: ukiuzidisha mara mbili, ugumu unapanda mara nane. Kwa hiyo chuma bila mbavu ni kazi bure.

La pili nililipiga kwa sahani ya milimita 3, ndani sentimita 40 kwa 40 kwa 25, yaani lita 40 hivi kabla ya spika kuingia (wewe fuata karatasi ya vipimo ya spika yako). Kila upande una ubavu wa frati bari (chuma bapa chembamba) iliyosimamishwa kwa ukingo, nayo haiko katikati kabisa, ili vipande viwili vya upande huo visilie sauti moja. Kuchomelea, shika pembe zote kwanza kwa nukta, halafu sentimita tano hapa, ruka kule. Ukivuta moja kwa moja uso unajikunja na spika haikai.

Kuvuja kwa hewa ndiko kunakoua besi. Paka chokaa ya maji nje ya maungio, iache ikauke, kisha pitisha mafuta ya taa kwa ndani. Penye tundu chokaa inalowa. Futa mafuta yote yaishe kabisa kabla hujarudisha moto, tafadhali. Silikoni inayonuka siki usiinunue, inakula chuma.

Mwisho bandika ndani zile shiti za lami zenye karatasi ya fedha, uzikandamize kwa chupa. Kabla, ukigonga kwa kidole linasema ting. Baada ya hapo linasema du, kama ukuta.

Uzito sasa: sahani peke yake ni kama kilo 17. Ukifunga breki ghafla hiyo inakufuata kisogoni, kwa hiyo langu lina bolti nne hadi sakafuni, chini na waza pana. Ila lala kwanza chini ya gari uone tenki na paipu za mafuta zimepita wapi. Nilipolala mimi, fundi alikuwa ameshashika drili.