Ukitaka historia ya mtaa wako, ulizia maji

Vijana wanaonijia wakitaka kuanza kutafiti historia ya Mombasa karibu wote huwa wameshaanzia Ngomeni. Nawaelewa. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus 1593, Waomani wakaizingira kutoka 1696 mpaka wakaitwaa 1698, Waingereza wakaifanya gereza, na leo ni makumbusho. Lakini Ngome ina wenyewe. Imechimbwa, imepimwa, imeandikwa kwa lugha chungu nzima. Mtaa uliozaliwa wewe, uwe Kuze, Bondeni, King'orani, Majengo, Mtongwe au Jomvu Kuu, pengine hauna hata ukurasa mmoja, na wanaoujua wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo chagua kitu kidogo unachoweza kukizunguka kwa miguu baina ya alasiri na magharibi: kisima, msikiti, uwanja wa mpira, duka, mwembe. Kisha ulizia matumizi yake. Mzee ukimwambia unatafuta historia, atakaa sawa kitini akusomee Vasco da Gama na Seyyid Said vile alivyofundishwa chuoni au shuleni. Hayo unayo tayari. Muulize walikuwa wakiteka maji wapi.

Nilimuuliza hivyo mzee mmoja wa Kibokoni. Alianza na kamba. Ilikuwa ya makumbi, akasema, na ukingo wa kisima ulikuwa umechimbika mifereji kwa kusuguliwa na kamba hizo. Kutoka kwenye kamba akafika kwa wachukuzi wa maji, na yale madebe ya mafuta ya taa waliyoyaning'iniza mawili mawili kwenye mti begani. Akataja nyumba zilizonunua maji na nyumba zilizotuma watoto. Akaeleza saa za wanawake kuteka, wanaume wakijiweka mbali, na msongamano wa usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe. Kwa swali moja nikapata majina ya nyumba, nani alikuwa nacho na nani hakuwa nacho, na mpaka wa mtaa ulipopita, kwa sababu watu wa upande wa pili walikuwa na kisima chao na kuvuka kulizua ugomvi. Kitabu gani kingenipa hayo?

Ukishasikia, nenda ukatazame. Visima vingi vya Mji wa Kale vimefunikwa kwa zege au vimefungwa pampu, lakini pale ukingo wa zamani ulipobaki, ile mifereji ya kamba unaweza kuipapasa kwa kidole. Piga picha ukiwa umeweka rula kando yake. Andika siku hiyohiyo, kabla hujalala.

Linalowasumbua wengi ni tarehe. Wazee wetu hawakuweka kumbukumbu zao kwa tarakimu, waliziweka kwa matukio, na ni kazi yako kuyajua matukio hayo vizuri. Yule mzee alisema kisima kilianza kuachwa "maji ya Mzima yalipokuja." Bomba la kutoka chemchemi za Mzima lilijengwa miaka ya 1950, basi tayari tuna pa kushika. Mtu akikwambia "kabla ya daraja," uliza daraja lipi: la Nyali lililoelea majini lilifunguliwa 1931, na hili tunalopita leo ni la 1980. Akisema "mwaka wa mgomo," usikimbilie kuandika. Mgomo mkubwa wa mji mzima ulikuwa Januari 1947, lakini bandarini walishagoma 1939 na wakagoma tena 1955. Muulize alikuwa akifanya kazi wapi wakati huo, au alikuwa darasa la ngapi, utajua ni upi.

Stakabadhi nazo zina alama zake. Bei ikiwa kwa rupia, karatasi hiyo huenda ni ya 1920 au kabla yake, maana mwaka huo rupia iliondolewa, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Na serikali ikijiita ya "East Africa Protectorate" badala ya Kenya, nayo ni ya 1920 au kabla yake. Kwenye makaburi na milango ya misikiti utakuta mwaka wa Hijria. Zidisha kwa 0.97, jumlisha 622, utafika karibu kabisa: 1318 inakupa 1900. Huenda ukakosea kwa mwaka mmoja, kwa hiyo tarehe ya mwisho ihakikishe kwenye jedwali.

Kuna hesabu moja ninayoipenda kuliko zote. Bi mzee anaweza kukwambia mtoto wake wa kwanza alizaliwa mfunguo sita, yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani, Maulidi yakisomwa, na bandari ya kale imejaa majahazi ya Arabuni. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, yakarudi na upepo wa kusi. Miezi ya Kiislamu nayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mfunguo sita uliangukia kaskazi katikati na mwishoni mwa miaka ya 1940, kisha tena mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtazame umri wake na utajua ni miaka ipi anayoizungumzia. Hakukutajia mwaka hata mmoja, lakini amekupa tarehe nzuri kuliko cheti kilichojazwa kwa kukisia.

Sasa adabu. Siku ya kwanza usiende na daftari wala usitoe simu. Amkia, kaa barazani, pokea kahawa. Utaulizwa wewe mtoto wa nani, na hilo ni swali la haki: wanataka kujua maneno yao yatakwenda wapi. Jibu kwa ukamilifu, mpaka kwa babu na mtaa wake. Kama kwenu ni bara na umekulia Changamwe au Mikindani, sema hivyo. Mji huu wa bandari na reli umejengwa na watu wengi, na kumbukumbu za nyumba za wafanyakazi wa reli zina thamani ileile na za Ndia Kuu ya Mji wa Kale. Siku ya pili au ya tatu ndipo uombe kurekodi, na kibali chake kisikike mwanzo wa rekodi kwa sauti yake mwenyewe.

Mzee akiwa na wenzake barazani watasahihishana, na hilo litakusaidia sana kwa majina na mahali. Akiwa peke yake atakwambia asiyoweza kuyasema mbele yao. Vikao vyote viwili vinahitajika.

Na kama wewe ni mwanamume, usidhani baraza ndio mji. Nusu ya mji iko ndani. Lelemama, kwa mfano, lilikuwa na vyama vya wanawake vilivyoshindana kwa ngoma, mavazi na karamu, na majina kama Ibinaal Watan na Banu Saada bado yanawachangamsha mabibi wa mji huu. Wanaume wengi wa rika lao hawawezi kukueleza lolote la maana juu yake. Mwombe dada yako, shangazi yako au mamako akaulize kwa niaba yako. Dada yangu alifunguliwa sanduku la leso na bi mmoja wa Majengo, na yule bi akazipanga arusi za ukoo mzima kwa leso zilizovaliwa, moja baada ya moja, akionyesha pindo na kutaja nani alikaa wapi. Mimi ningebisha hodi nikapewa chai na maneno mawili.

Kuna mahali pa kukanyaga taratibu, nami nasisitiza kwa sababu nimeona familia zikikosana. Hapa kwetu swali "nyumba hii ni ya nani?" halijawahi kuwa swali jepesi. Tuna utaratibu wa nyumba bila ardhi: mtu ana nyumba yake halali aliyoijenga au kurithi, lakini uwanja ni wa mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi. Ukienda masjala ya ardhi utakuta jina ambalo hakuna jirani anayelijua. Ukiuliza mtaani utapata jina ambalo haliko kwenye hati. Yote mawili ni kweli. Juu ya hayo kuna mali ya wakfu, na kuna kesi za mirathi zilizoanza kabla hujazaliwa. Mgeni anayeuliza mipaka atadhaniwa dalali, au mjumbe wa mwenye ardhi. Mimi huanza na kazi, michezo, maji na chakula, na habari za umiliki huziacha zije zenyewe. Zikija, huuliza kama naruhusiwa kuziandika.

Nasaba ni vivyo hivyo. Kisauni, pale Freretown, wamisionari walianzisha makazi ya watu waliookolewa utumwani, 1875, na kengele yao ndiyo iliyowaachia Kengeleni jina. Ni historia kubwa na wengi wanajivunia. Lakini asili ya familia fulani si yako kuitangaza, hata kama kila mtu anaijua. Mwenyewe akitaka, atasema na jina lake litajwe. Asipotaka, ifunge.

Kwa karatasi, anza na Gazeti Rasmi la serikali. Lilianza kuchapishwa 1899, wakati makao ya serikali yakiwa bado hapa Mombasa, na matoleo mengi ya zamani yanapatikana kwenye intaneti, unatafuta kwa jina. Humo mna matangazo ya mirathi, leseni, ardhi, hata makampuni yaliyofilisika. Jaribu tahajia zote unazoweza kufikiria: Makupa iliandikwa Macupa, na majina ya watu yaliandikwa vile karani alivyosikia. Jua pia majina ya zamani ya barabara, la sivyo utapotea. Barabara ya Moi ilikuwa ya Kilindini, na ya Digo ilikuwa ya Salim. Nyaraka za Taifa ziko Nairobi na safari hiyo ina maana ukishajua unachotafuta. Ripoti za mwaka za maafisa wa wilaya ni tamu kusoma, ila kila mara jiulize afisa yule alikuwa akimwandikia nani na alitaka aonekane vipi.

Picha za zamani zisome polepole, kona hadi kona. Nguzo ya umeme ikionekana, picha si ya kabla ya 1908. Ukiona watu wawili wanasukuma kigari juu ya reli nyembamba, na bwana ameketi chini ya kipaa cha turubai, hiyo ndiyo tramu ya Mombasa iliyokuwepo tangu miaka ya 1890 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wengi humtazama aliyeketi. Watazame wanaosukuma, kisha waulize wazee kama kuna aliyekuwa na babu katika kazi hiyo. Nyuma ya picha mara nyingi mna muhuri wa studio au mwandiko wa mtu, kwa hiyo piga nakala ya pande zote mbili.

Hadithi zikigongana, usichague ile nzuri. Chukua pembe za ndovu za Barabara ya Moi. Kuna wanaosema ziliwekwa kwa ajili ya Elizabeth 1952, na kuna wanaosema ni kwa Princess Margaret 1956. Elizabeth alikuwa Kenya Februari 1952 babake alipofariki, na safari yake ikakatizwa. Margaret alifika Mombasa 1956. Andika kauli zote mbili na nani kasema, kisha tafuta ushahidi unaoweza kuzitenganisha: picha ya pembe yenye tarehe ya kabla ya 1956, kwenye gazeti au kwenye albamu ya mtu. Albamu za Mombasa zimejaa watu waliopigwa picha pale, kwa hiyo hiyo ni kazi inayowezekana, na sioni kwa nini asiifanye kijana wa Ganjoni au Tononoka.

Kama kuna anayekwambia hii si kazi ya watu wasio na shahada, mkumbushe habari za mshairi Muyaka bin Haji. Alifariki mnamo 1840, na sehemu kubwa ya tungo zake imetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa hii hii, alizikusanya kwa waliozihifadhi na akazieleza.

Rekodi zako zipe majina yanayoeleweka, tarehe, mtaa, na mada, na ziweke mahali pawili, maana simu huibwa na chumvi ya hewa yetu haina huruma kwa vyombo. Nakala moja ni ya familia. Usiipakie popote kabla hawajaisikia. Na unapompelekea mzee asikilize, nenda na chombo cha kurekodi mkononi, kikiwa na chaji. Akijisikia mwenyewe atasimamisha rekodi, atasema "hapana, yule hakuwa Bondeni, alihamia baadaye," na atakupa saa nyingine nzima ya mambo ambayo hukujua kuyauliza.